Gurudumu la Nyuma na Saa Mbili za Kimya

Inspekta alikaa juu ya tairi kuukuu, akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya goti.

"Haya, Dereva. Anza."

"Nivue lote, Afande? Na mnyororo?"

"Gurudumu la nyuma. Kama ulivyolivua Jumamosi. Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

Dereva alijifuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu wowote. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mabega mapana, tumbo dogo la mtu anayekula akashiba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiendesha gari la wagonjwa la zahanati, na hakuna aliyewahi kumsikia akipiga honi bila sababu. Pikipiki iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya safari ndefu, kubwa kama ndama aliyenona, ina kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ya pembeni na kiti cha nyuma chenye egemeo. Ilisimama kwenye baraza la pembeni mwa nyumba, kati ya dirisha la jikoni na ukuta wa jirani.

Koplo alikaa kwenye kigoda karibu na lango, faili juu ya mapaja, miwani puani. Alikuwa mama wa makamo mwenye miaka ishirini na minane kazini, na alikuwa ameona wakubwa wanne wakija na kuondoka kabla ya Inspekta huyu. Hakuona haya kusema lililo moyoni.

"Afande, mimi nimeona wezi wakipelekwa kuonyesha dirisha waliloingilia," alisema. "Mtu kuonyesha pikipiki sijawahi."

"Leo utaona."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi iliyopita hadubini ya maabara ya zahanati iliibwa. Mpimaji wa maabara alisema alifunga mlango saa nne asubuhi akaenda nyumbani, jino linamuuma, akalala kidogo. Aliporudi saa sita alikuta kufuli zima na meza tupu. Funguo zilikuwa tatu tu. Mmoja anao mpimaji mwenyewe. Wa pili anao muuguzi mkuu, naye asubuhi ile alikuwa kwenye mkutano mbele ya watu arobaini. Wa tatu anao Dereva, kwa sababu ndiye huleta damu na makohozi kutoka vituo vya mbali, na wakati mwingine hufika mlango umefungwa.

Dereva alisema alikuwa nyumbani, peke yake, tangu saa tatu hadi saa sita, akivua gurudumu la nyuma ili abadilishe tairi. Mkewe alikuwa kwa dada yake. Hakuna aliyemwona.

Sasa ilikuwa Jumatano, saa nne kasoro. Leseni ya Dereva ilikuwa kwenye mfuko wa shati la Inspekta. Barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa juu ya meza ya muuguzi mkuu, imeshapigwa chapa, inasubiri sahihi. Muuguzi mkuu alikuwa amesema wazi: kama polisi hawajamsafisha mtu wake hadi saa sita mchana, atatia sahihi. Na kesho yake alfajiri Dereva na mkewe walikuwa wameazimia kupanda pikipiki hiyo, mwendo wa siku mbili, kwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza aliyezaliwa mwezi uliopita. Begi lilikuwa limeshafungwa, lipo pale mlangoni pa jikoni.

Dereva alianza kazi.

Alifungua masanduku ya pembeni, akayaweka kando, moja juu ya jingine. Akapiga magoti, akanyoosha pini ya nati kwa koleo, akaichomoa. Akaleta spana yenye mpini mrefu kama mkono wa mtu, akairegeza nati ya ekseli, chuma kinachopita katikati ya gurudumu, tairi likiwa bado limekanyaga chini.

"Mbona hupandishi kwanza?" Inspekta aliuliza.

"Ukiipandisha kwenye stendi ndiyo uanze kuvutana na nati, itakurukia, Afande. Nati kubwa unairegeza mashine ikiwa imekaa chini. Hiyo hata usingizini nitakwambia."

"Na Jumamosi ulifanya hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Alikuwa akivuma wimbo kwa pua. Alipanda kwa mguu juu ya stendi ya kati, akavuta keria ya nyuma, na pikipiki yote ikainuka kwa mguno mmoja, gurudumu la nyuma likabaki linaelea. Hapo wimbo ukakatika.

Inspekta aliona.

Dereva alitoa mfukoni kipande cha mpira, akakizungusha kwenye breki ya mbele mara nne, akaikaza hadi haikusogea. Akachukua mkanda wa mizigo, akapitisha kwenye gurudumu la mbele, akaufunga kwenye nondo za dirisha la jikoni. Akauvuta. Akauvuta tena. Akaleta jiwe, akalisukumiza mbele ya tairi la mbele kwa kisigino, kisha akausukuma mwili wa pikipiki kwa kiganja kama mtu anayempima ng'ombe kama atapiga teke. Ndipo aliporidhika, na wimbo ukarudi.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama maji. Akafungua kalipa, mdomo wa chuma unaobana breki, akaitundika kwa waya ili isining'inie kwa bomba lake. Akaingiza kipande cha ubao chini ya tairi, ubebe uzito. Akaifungua nati yote, akaigonga ekseli kwa nyundo ya mbao, ngo, ngo, ngo, ikatoka upande wa pili inang'aa kwa grisi. Akalisukuma gurudumu mbele, akauondoa mnyororo kwenye meno yake, akautundika kwenye msumari. Bushi mbili, pete za chuma za pembeni mwa gurudumu, zikadondoka kiganjani mwake. Akazipanga juu ya gazeti: fupi kushoto, ndefu kulia. Gurudumu likatoka.

Inspekta alitazama saa.

"Dakika ishirini na sita. Na mkanda umekula nne humo."

"Mimi sina haraka, Afande."

"Fundi wa pikipiki pale njia panda aliniambia nusu saa. Sasa nisikilize vizuri. Jumamosi ulianza saa tatu na nusu, ndivyo ulivyosema. Saa nne na robo gurudumu lilishakuwa chini. Koplo, tusomee maneno ya jirani."

Koplo alilamba kidole, akafunua faili. Jirani alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa upande wa pili wa ukuta uleule, na ukuta wenyewe juu ulikuwa na tofali za matundu za kupitisha hewa.

"'Nilisikia nyundo inagonga mpaka saa nne na robo hivi,'" Koplo alisoma. "'Kisha kukawa kimya. Kimya kabisa, hata mtu kukohoa sikusikia. Simu ya jirani yangu ililia mara tatu haikupokelewa. Mara ya mwisho ililia habari za saa tano zikiwa ndiyo zinaanza redioni. Mpaka saa sita nilipofunga kwenda kula sikusikia kitu.'"

"Simu hizo alipiga mkeo," Inspekta alisema. "Amekiri mwenyewe, alitaka kukuuliza kama ununuliwe soksi za safari. Kwa hiyo simu ilikuwa hapa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Mtu yuko hapa, simu inalia hapa, hapokei mara tatu. Nyundo imenyamaza. Zahanati ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Ungekuwa ni wewe umekaa juu ya tairi hili ungesemaje?"

"Ningesema nimeiba, Afande. Lakini sikuiba."

"Dereva mwenyewe amesema," Koplo alidakia, kalamu tayari. "Niandike?"

"Usiandike. Mama Koplo, hebu nenda lango la jirani umwambie fundi asitoke, nitamhitaji."

Koplo alimtazama kwa juu ya miwani. Alijua anaondolewa. Alifunga faili taratibu ili ijulikane kwamba amejua, akatoka.

Inspekta alinyanyuka. Alikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua tangu alipokaa, nalo lilikuwa chini ya makalio yake. Alilisimamisha lile tairi kuukuu, akalizungusha.

"Tairi la barabarani huchakaa usoni," alisema. "Hili limechanwa shavuni. Chuma kimelala hapa kwa uzito, kimeacha grisi. Nimekaa juu ya shimo hili nusu saa nzima, najua kina chake."

Dereva alianza kupanga spana zake upya.

Inspekta alikwenda ukutani. Usawa wa kifua chake kulikuwa na doa jeupe, kubwa kama yai, kwenye rangi iliyokuwa imepauka. Alilikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Dawa ya meno."

"Afande…"

"Ukuta wako unapiga mswaki, Dereva?" Alichukua futi mfukoni, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye doa, kisha akapima ncha ya usukani wa kulia. Zilipishana kwa upana wa vidole viwili. Aliweka pia kiganja sakafuni. Sakafu ilikuwa na mteremko kuelekea langoni, ili maji ya mvua yasituame. "Na huo mpira uliofungia breki, ncha zake bado nyeupe, umekatwa juzijuzi. Mkanda umekwangua rangi ya nondo sehemu moja tu. Kazi yote umeifanya unaimba, mikono inajua yenyewe. Ulipofika kwenye mkanda ukanyamaza. Mtu hanyamazi kwa jambo alilolizoea. Jumamosi hukuifunga pikipiki. Sivyo?"

Dereva alitazama dirisha la jikoni. Lilikuwa wazi. Ndani kulisikika sufuria.

"Sema polepole, Afande," alinong'ona. "Mke wangu asisikie."

"Asisikie nini?"

"Aliniambia tangu mwanzo. 'Dude lako hilo likianguka hata mara moja, mimi napanda basi, na wewe utamwona mjukuu peke yako.' Na akisema kitu huyo, amesema."

"Ikaanguka?"

"Haikuanguka!" Dereva alisahau kunong'ona, akajirudi. "Iliinama. Gurudumu lilishatoka, nimelilaza hapo chini. Nikarudi kusafisha ekseli, nikaigusa pikipiki kidogo tu. Ikateleza mbele kwa huu mteremko, stendi ikajikunja. Nikaiwahi kwa bega, hapa chini ya keria. Usukani ukagota ukutani, shimo lake ndilo nililoziba kwa dawa ya meno. Ikasimama hivyo, nusu ukutani, nusu juu yangu. Nikiondoka, inalala. Tangi limejaa, diski ya breki inapinda, kioo kinapasuka, na safari ndiyo kwaheri."

"Simu?"

"Juu ya dirisha, pale. Hatua tatu. Ingekuwa mwezini ni sawa tu."

"Na jirani yuko upande wa pili wa ukuta. Ungeita."

Dereva alitazama chini. "Dakika kumi za kwanza niliona aibu kuita. Mimi ndiye ninayewafundisha vijana pale zahanati usalama wa vyombo vya moto, Afande. Nikasema, mke wangu atarudi sasa hivi, nitajua la kusema. Ilipopita nusu saa nikaona aibu zaidi, maana jirani angeniuliza, mbona hukuita mapema? Na fundi huyu, ukimwambia jambo asubuhi, jioni linakusalimia njiani."

Inspekta alifunga mdomo kwa nguvu ili asicheke. "Ukakaa hivyo mpaka lini?"

"Karibu saa sita. Niliweza kulivuta gurudumu kwa vidole vya mguu, kidogo kidogo, mpaka likaingia chini ya chuma. Ndipo nikaiteremsha juu yake. Tairi kuukuu ndilo lililoniokoa."

"Vua shati."

Dereva alivua. Begani, kuelekea mgongoni, palikuwa na mstari wa rangi ya zambarau iliyoanza kugeuka manjano, mnyoofu kama umechorwa kwa rula. Inspekta aliupima na bomba la keria. Ulikaa sawasawa.

"Vaa. Hii inaonyesha kwamba ilikulalia. Haionyeshi ilikulalia kwa dakika tano au kwa saa mbili. Muuguzi mkuu ataniuliza hilo, na hakimu ataniuliza hilo. Nipe kitu kingine. Ulisimama sikio liko kwenye matundu ya ukuta. Ulisikia nini?"

Dereva alisita. Alijikuna shingo. Alionekana kama mtu anayetakiwa kutoa siri isiyokuwa yake.

"Niliapa sitamwambia mtu," alisema. "Si vizuri, Afande. Ni jirani."

"Leseni yako iko hapa mfukoni, na saa inakwenda."

Dereva alimwinamia sikioni. Fundi cherehani, mjane wa miaka sita, alikuwa ameivalisha sanamu yake ya nguo gauni la bluu, akasimama mbele yake, akajizoeza kumwomba mama muuza dawa wa mtaa wa pili waoane. Alijizoeza mara tano. Mara ya kwanza alianza na hali ya hewa. Mara ya tatu alisahau maneno akaanza kumpima kiuno. Mara ya tano aliipigia sanamu goti, goti likalia, akasema, "Hapana, hapana, nitasimama tu."

"Tangu saa ngapi?"

"Mara tu nilipokwama, mpaka baada ya habari za saa tano. Hapo akaja mteja, fundi akaacha."

"Mteja gani?"

"Sauti yake ndogo, sikuisikia. Fundi ndiye aliyekuwa anasema kwa nguvu, unamjua. Mteja alikuwa anashonewa mfuko wa sponji, wa kuwekea saa ya mezani ya babu yake. Nakumbuka kwa sababu fundi alimwambia, 'Mzee, saa gani hii ina shingo?' Nikataka kucheka, na kucheka ndiyo ingekuwa mwisho wangu, pikipiki ilikuwa inatikisika."

Inspekta alichana karatasi kwenye daftari lake, akampa na kalamu. "Andika yale ya kwanza tu. Ya mara tano. Mistari mitatu inatosha."

Fundi cherehani aliingia na futi yake ya kitambaa shingoni na sindano mbili kwenye ukosi. Koplo alimfuata nyuma. Fundi alitazama gurudumu, akamtazama Dereva, akatikisa kichwa.

"Jirani yangu, pole. Nilisema niliyoyasikia tu. Mimi siongezi."

"Hujakosea," Inspekta alisema. "Swali moja. Jumamosi kati ya saa nne na robo na saa tano ulikuwa unafanya nini?"

"Nashona, Afande. Nitafanya nini kingine?"

"Unashona tu?"

"Nashona tu."

"Na hujamsimulia mtu yeyote jambo lingine ulilolifanya chumbani mle saa hizo?"

"Hakuna jambo lingine!"

Inspekta alimpa ile karatasi. "Soma kimoyomoyo. Usinisomee mimi."

Fundi alisoma. Masikio yake yalianza kubadilika rangi kutoka juu kwenda chini. Alisoma tena mstari wa mwisho. Kisha akaikunja karatasi mara mbili, mara nne, mara nane, hadi ikawa ndogo kama kifungo, akaitia mfukoni, akaushika mfuko kwa juu.

"Alikuwepo," alisema.

"Muda wote?"

"Alikuwepo, Afande. Mwanzo mpaka mwisho. Hata goti amelisikia." Alimgeukia Dereva. "Jirani. Miaka kumi na mmoja tumekaa ukuta mmoja."

"Sijamwambia mtu," Dereva alisema. "Tangu Jumamosi. Hata mke wangu. Hata nilipokuwa natafutiwa pingu."

"Hukusema," fundi alisema taratibu. "Ungesema, wangekuachia siku ileile, na mimi ningehama mtaa." Akanyoosha mkono, wakashikana.

"Kuna nini kwenye karatasi?" Koplo aliuliza. "Mimi ndiye ninayeandika faili. Kuna nini?"

"Andika: shahidi amethibitisha," Inspekta alisema.

"Amethibitisha nini?"

"Amethibitisha, nukta. Fundi, usiondoke kwanza. Siku hiyo baada ya habari za saa tano ulishona mfuko wa saa. Vipimo viko wapi?"

Fundi, aliyefurahi kuulizwa kitu kingine chochote duniani, alikimbia na kurudi na daftari lake la vipimo. Lilikuwa limeandikwa viuno na mabega ya mtaa mzima. Alifunua ukurasa wa Jumamosi, akaushika kwa kidole.

"Huu hapa. Kimo thelathini na nane. Kitako ishirini na mbili kwa kumi na tisa. Juu pawe na nafasi, shingo imeinamia mbele. Sponji sentimita moja pande zote. Nilimwambia, hii saa au bata? Alikasirika. Alisema nishone tu."

Koplo alikuwa ameshaanza kufunua faili. Alifunua haraka kuliko Inspekta alivyowahi kumwona akifunua. Alifika kwenye karatasi aliyotoa muuguzi mkuu, yenye maelezo ya kitu kilichoibwa, akaweka ukucha juu ya mstari.

"Kimo thelathini na sita," alisoma. "Kitako ishirini kwa kumi na saba. Ongeza sponji sentimita moja kila upande." Alivua miwani. "Afande. Hiyo si saa."

"Mteja ni nani?" Inspekta alimuuliza fundi.

"Sijui jina lake, lakini namjua. Kila mwaka namlegezea suruali. Siku zote anakuja na koti jeupe la kazini, siku hiyo hakulivaa. Yule wa maabara pale zahanati. Mfuko ameuchukua juzi Jumatatu." Fundi aliwatazama mmoja mmoja. "Kuna nini? Nimesikia alikuwa na jino bovu siku hiyo, mimi nikadhani limepona. Alikuwa anatafuna karanga."

Inspekta alivaa saa yake mkononi. Mpimaji alikuwa ameandikisha, kwa mkono wake na sahihi yake, kwamba tangu saa nne hadi saa sita alikuwa kitandani, shavu limevimba, hawezi hata kumeza maji.

"Koplo, chukua gari na askari wawili. Nenda zahanati. Usimkamate mbele ya wagonjwa, mwite nje kwa heshima. Kisha nendeni naye nyumbani kwake, mtafute mfuko wenye shingo."

"Na nikirudi utaniambia kilichokuwa kwenye karatasi?"

"Hapana."

"Basi natembea polepole," Koplo alisema, lakini tayari alikuwa nje ya lango, na miguu yake haikuwa ya polepole hata kidogo.

Inspekta alimpigia simu muuguzi mkuu pale pale, Dereva akisikiliza. Hakusema maneno mengi. "Mama, barua yako ichane. Ndiyo. Alikuwa nyumbani, nina shahidi. Mtu wako ni safi. Huyo mwingine, usimwambie kitu, mwache aendelee kupima tu." Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Alitoa leseni mfukoni, akaifuta kwa kidole gumba, akampa mwenyewe. Dereva aliipokea kwa mikono miwili. Alijifanya anatafuta kitu kwenye kisanduku cha spana.

"Hili gurudumu linarudije?" Inspekta aliuliza, ili kumsaidia.

"Kulitoa ni mchezo, Afande. Kulirudisha ndiko kunataka watu watatu. Bushi zinadondoka."

Basi Inspekta wa polisi alivua koti, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya baraza, shavu karibu ligusane na mnyororo, akishikilia bushi ndefu kwa vidole viwili. Fundi cherehani alishika bushi fupi kwa upande wake, kwa mkono uliozoea vitu vidogo. Dereva aliinua gurudumu kwa magoti. "Juu kidogo. Kushoto. Fundi, hapa hupigi pasi suruali, usibonyeze. Hapohapo!" Ekseli ikaingia, ikapita bushi ya kwanza, ikapita gurudumu, ikapita ya pili, ikatokeza upande wa Inspekta na kumpaka grisi puani.

"Imeingia!" Inspekta alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kuliko inavyofaa kazini.

Wakainuka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mke wa Dereva alikuwa amesimama hapo na sinia la vikombe vya chai. Hakuna aliyejua amesimama kwa muda gani. Alimpa Inspekta kikombe, akampa fundi, wa mumewe akabaki nao mkononi.

"Baba watoto."

"Naam, mama."

"Jumamosi jioni nilikuta ukutani pananuka dawa ya meno. Na usiku nilikuona unalalia upande mmoja. Nikajua dude limeanguka, nikasubiri uniambie. Nikasubiri Jumapili. Nikasubiri Jumatatu. Nauli ya basi nimeshaitenga."

Fundi alianza kuchunguza chai yake kama ndani yake kuna uzi uliopotea.

"Jambo la nyumbani kwako usione haya kuniambia," mama aliendelea, "ila polisi waliniuliza ulikuwa wapi, nikawajibu sikuwepo, na ndiyo kweli. Nilidhani ni jambo la dakika tano. Leo nimesimama hapo dirishani, nimesikia. Saa mbili, bega lako peke yake?"

"Karibu saa mbili."

"Na dude halikugusa chini?"

"Halikugusa. Naapa. Liliinama tu."

Mama alimtazama, akaitazama pikipiki, akautazama mkanda uliofungwa kwenye nondo za dirisha lake. Akauvuta kwa mkono mmoja. Haukusogea. Akauvuta tena kwa nguvu zaidi, pikipiki ikakaa imara kama nyumba.

Ndipo alipompa mumewe chai.

"Kesho saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Kofia yangu ni ile nyekundu, usinipe yako inanuka. Na simu," akageukia ndani, akirudi jikoni, "simu utaivaa shingoni."